Lengo Kwanza, Kompyuta Baadaye: Tunachojifunza kwa Wilaya za Shule za Marekani



Miongoni mwa maombi ya miradi yanayofika ofisini kwetu kutoka kamati za parokia, ombi la kompyuta za shule limekuwa la kawaida kama lilivyokuwa zamani ombi la bati na saruji. Wafadhili nao wanatuuliza mara kwa mara kama wanaweza kutuma kompyuta zilizokwisha kutumika maofisini mwao. Tunafurahi kuona moyo huo pande zote mbili. Hata hivyo, tukifungua maandiko yenyewe, mahali palipoandikwa "Lengo la mradi" tunakuta mara nyingi maneno haya: "Kupata kompyuta 20." Hilo si lengo bali ni orodha ya manunuzi.

Katika toleo hili tunapenda kueleza jinsi malengo ya teknolojia katika elimu yanavyoandikwa, na yanavyoweza kufaulu au kuanguka, kwa kutumia mfano wa shule za umma za Marekani. Shule zao hazifanani na zetu kwa mapato wala kwa idadi ya wanafunzi darasani. Tumezichagua kwa sababu huko mipango, mikataba na matokeo huwekwa hadharani, na hivyo mtu wa mbali anaweza kufuatilia fedha tangu ilipotoka mpaka ilipoishia.

Wilaya ya shule ni nini

Msomaji wa kwetu akisikia "wilaya" humfikiria mkuu wa wilaya na ofisi za serikali. Marekani ni tofauti. Wilaya ya shule ni chombo cha umma kinachosimamia shule za eneo fulani tu. Mara nyingi kina bodi iliyochaguliwa na wananchi, kina fungu lake la kodi, na bodi humwajiri mkuu wa elimu wa kuendesha shule kila siku. Wilaya nyingine ina shule mbili au tatu. Ile ya Los Angeles ina mamia ya shule, nayo ni ya pili kwa ukubwa nchini humo baada ya New York. Kwa hiyo wanaoamua kama fedha iende kwenye madawati, kwenye mishahara au kwenye kompyuta ni watu wa mahali penyewe, na mzazi anaweza kuwauliza mkutanoni. Kamati ya shule ya parokia iko karibu na hali hiyo kuliko tunavyodhani.

Mpango wa maandishi kabla ya ruzuku

Mwaka 1996 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Mawasiliano, na kutokana na sheria hiyo ukaanzishwa mpango unaoitwa E-Rate. Makampuni ya mawasiliano huchangia mfuko, na mfuko huo huzilipia shule na maktaba sehemu ya gharama ya kuunganishwa na intaneti. Punguzo ni kati ya asilimia 20 na 90, kutegemea hasa wingi wa watoto wa familia maskini wanaostahili chakula cha mchana cha ruzuku. Shule zisizo za kibiashara zinazoendeshwa na makanisa nazo zinaruhusiwa kuomba.

Kuna mambo mawili katika mpango huo ambayo kamati zetu zingeyatafakari. Kwanza, hata wilaya iliyo maskini kuliko zote ilipaswa kulipa asilimia 10 kutoka mfukoni mwake. Hapakuwa na bure kamili. Pili, E-Rate haikununua kompyuta za wanafunzi. Ililipia njia ya mawasiliano na nyaya za ndani ya jengo, basi. Mashine na mwalimu wa kuzitumia vilikuwa juu ya wilaya yenyewe.

Kwa miaka mingi wilaya iliyotaka ruzuku hiyo ilitakiwa kuwa na mpango wa teknolojia ulioidhinishwa. Mpango huo ulipaswa kueleza lengo lililo wazi la kuboresha elimu, pamoja na njia ya kulifikia inayowezekana. Ulipaswa kusema walimu watafundishwaje. Ulipaswa kutaja ni huduma gani, mashine gani na programu gani zinahitajika, na kuonyesha bajeti ya kutosha, ikiwemo ile ya kutunza vitu ambavyo ruzuku haivilipii. Mwisho, ulipaswa kueleza wilaya itapimaje maendeleo yake na kujirekebisha katikati ya safari. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2014, wakati karibu kila shule ilikuwa imekwisha kuunganishwa na watu wamechoka na makaratasi. Sisi tunaona maswali yale matano yalikuwa mazuri kuliko fomu zilizoyabeba.

Sheria nyingine, iliyotiwa saini na Rais George W. Bush Januari 2002, iliweka shabaha kwamba kila mtoto awe anajua kutumia teknolojia atakapomaliza darasa la 8. Katika fedha za teknolojia zilizotolewa chini ya sheria hiyo, wilaya zilitakiwa kutumia angalau asilimia 25 kwa mafunzo ya walimu. Robo nzima! Tukikagua bajeti zinazoletwa kwetu, fungu la mafunzo huwa ni siku moja ya semina pamoja na chai.

Shabaha ya kuunganisha shule ilifikiwa. Mwaka 1994 ni asilimia 35 tu ya shule za umma za Marekani zilizokuwa na intaneti, na kati ya vyumba vya madarasa ni asilimia 3. Kufikia mwaka 2005 karibu shule zote zilikuwa nayo, na asilimia 94 ya madarasa. Ni mafanikio makubwa kwa miaka 11. Lakini mwaka 2007 wizara ya elimu ya nchi hiyo ilitoa matokeo ya utafiti uliofanyika katika wilaya 33 na shule 132. Walimu fulani walipewa programu za kompyuta za kufundishia kusoma na hisabati, na wenzao wakafundisha kama kawaida. Mwisho wa mwaka mitihani haikuonyesha tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Waya ulikuwa umefika darasani, lakini kujifunza kulihitaji kitu kingine.

Los Angeles: shabaha iliyohesabu mashine

Juni 2013 bodi ya shule ya Los Angeles iliidhinisha mkataba wa kwanza, wa takriban dola milioni 30, wa kununua vishikwambi vya iPad. Nia ilikuwa kila mwanafunzi, na walikuwa kiasi cha 650,000, awe na cha kwake katika muda usiozidi miaka miwili hivi. Mpango mzima, pamoja na mitandao ya ndani ya shule, ulikadiriwa kufika dola bilioni 1.3. Nia yenyewe ilikuwa njema. Viongozi walisema mtoto wa maskini naye ashike kifaa kile kile anachoshika mtoto wa tajiri, na sisi tunaofanya kazi ya maendeleo hatuwezi kulicheka neno hilo.

Tazameni sasa jinsi mambo yalivyokwenda. Kila kifaa kilinunuliwa kwa dola 768, bei iliyojumuisha masomo ya kidijitali kutoka kampuni ya Pearson. Masomo hayo yalikuwa hayajakamilika wakati vifaa vinagawiwa. Kibodi hazikuwemo katika bei, ingawa mitihani mipya iliyokuwa inakuja ilizihitaji. Fedha zilitoka kwenye hati fungani ambazo wapiga kura walikuwa wameziidhinisha kwa ajili ya kujenga na kukarabati shule. Deni la namna hiyo hulipwa kwa miaka mingi, kumbe kishikwambi huzeeka baada ya miaka michache. Mzazi angeendelea kulipia kifaa ambacho mwanawe alikwisha kukitupa.

Vuli ya mwaka huo huo, muda mfupi baada ya ugawaji kuanza, wanafunzi wapatao 300 waligundua kwamba wakifuta mpangilio fulani wa usalama wanaweza kuingia popote kwenye intaneti. Hawakuhitaji ujuzi mkubwa. Wilaya ikashtuka na kuzuia vifaa kupelekwa nyumbani. Watathmini walipotembelea madarasa 245 kuona masomo yale yaliyonunuliwa yanavyotumika, walimkuta mwalimu mmoja tu anayeyatumia. Mmoja! Hatudhani walimu wa Los Angeles ni wavivu. Walikabidhiwa kitu ambacho hakijakamilika, bila muda wa kukizoea, na mbele yao wana watoto 30 wanaosubiri somo la siku ile.

Agosti 2014 mkuu wa elimu wa wilaya alisimamisha mkataba, baada ya barua pepe kuonyesha mawasiliano ya viongozi na makampuni kabla zabuni haijatangazwa. Oktoba alijiuzulu, na Desemba maafisa wa upelelezi wa FBI walichukua nyaraka za zabuni. Ni haki kuongeza kwamba upelelezi huo ulifungwa mwaka 2017 bila mtu yeyote kushtakiwa. Mwaka 2015 wilaya ilifikia mapatano ya kurudishiwa dola milioni 6.4.

Machi 2020 shule za Los Angeles zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, wilaya ililazimika kutenga takriban dola milioni 100 kwa dharura ili watoto wasio na kifaa wala intaneti nyumbani waendelee na masomo. Hitaji lililotajwa mwaka 2013 lilikuwa la kweli. Mpango haukuwa umejibu maswali ya mwalimu, ya matunzo na ya kipimo.

Mooresville na Maine: walioanza na mwalimu

Katika jimbo la North Carolina kuna wilaya ndogo ya Mooresville. Kuanzia mwaka 2008 iliwapa wanafunzi wake, kuanzia darasa la 4 kwenda juu, kompyuta za mpakato. Haikuwa wilaya tajiri. Mwaka 2012 ilikuwa ya 100 kati ya wilaya 115 za jimbo kwa fedha zinazotumika kwa kila mwanafunzi. Hata hivyo waliomaliza shule kwa wakati walipanda kutoka asilimia 80 mwaka 2008 hadi 91 mwaka 2011, na waliofikia kiwango katika mitihani ya jimbo walipanda kutoka asilimia 73 hadi 88.

Jinsi walivyolipia ni somo kwa wahasibu wetu. Hawakununua mashine kwa fedha ya mara moja; walizikodi, kwa dola 215 kwa mwanafunzi kila mwaka. Gharama ikawa inajulikana mapema na kuingia katika bajeti ya kawaida kama umeme na maji. Familia zilichangia dola 50 kwa mwaka za matengenezo, na waliokuwa hawana uwezo walisamehewa. Walimu walipewa mafunzo ya mfululizo, yaliyoendelea mwaka baada ya mwaka.

Lakini tusipake asali. Wilaya hiyo ilipunguza ajira 65, zikiwemo 37 za walimu, na madarasa yakawa na wanafunzi wengi zaidi. Viongozi wake walisema kompyuta ziliwawezesha kubeba mzigo huo. Sisi hatushauri shule yoyote ya kwetu, yenye mwalimu mmoja wa fizikia kwa shule nzima, kufikiri kwamba mashine itakaa mahali pa mtu. Tunachokichukua Mooresville ni nidhamu yao ya hesabu na ya mafunzo.

Jimbo la Maine lilitangulia. Mwaka 2000 gavana Angus King alipendekeza sehemu ya ziada ya bajeti ya jimbo itumike kumpa kila mwanafunzi wa darasa la 7 kompyuta ya mpakato. Wengi walimpinga wakisema ni anasa. Kazi ilianza kwa shule chache za majaribio, walimu wakapata mashine zao kabla ya wanafunzi, na kila shule ikateua mwalimu mmoja wa kuwaongoza wenzake. Mwaka 2002 ndipo darasa la 7 la jimbo zima lilipoingia, na mwaka uliofuata darasa la 8. Utafiti uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wanafunzi wa darasa la 8 waliofikia kiwango katika kuandika walikuwa asilimia 29 hivi mwaka 2000, na mwaka 2005 walifika 41. Maendeleo hayo yalikuwa katika kuandika kwa sababu ndiko mashine zilikotumika kila siku: mtoto anaandika, anasahihishwa, anaandika tena bila kunakili ukurasa mzima upya.

Tukirudi nyumbani

Afrika Mashariki nayo ina uzoefu wake. Nchini Kenya ahadi ya kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza ilitolewa katika kampeni za mwaka 2013, na ugawaji ukaanza mwaka 2016. Zaidi ya vifaa milioni moja vilifika katika shule za msingi zaidi ya 20,000. Faida moja iliyoonekana upesi ilikuwa umeme, maana shule nyingi za vijijini ziliunganishwa ili vifaa viweze kuchajiwa. Katika baadhi ya shule vifaa vilibaki kabatini kwa hofu ya wizi. Tanzania ilitoa sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi mwaka 2007. Kwa hiyo kamati isidhani inaanza jambo geni.

Tufanye hesabu ambayo kila kamati inaweza kuifanya kwa penseli. Tuseme shule ya sekondari ina mikondo 12 ya wanafunzi 45, na imepata chumba kimoja chenye kompyuta 15. Wiki ina vipindi 40. Kila mkondo ukipewa vipindi vitatu, chumba kinatumika vipindi 36, na vinabaki vinne vya usafi na matengenezo. Kila mashine inashirikiwa na wanafunzi watatu. Kipindi kikiwa cha dakika 40, mwanafunzi anagusa kibodi dakika 13 hivi kwa kipindi, yaani dakika 40 kwa wiki. Si haba, lakini si wakati wa kujifunza kila kitu. Afadhali kuchagua jambo moja. Aidha, vipindi 36 havibebwi na mwalimu mmoja. Wanahitajika wawili walau, na andiko la mradi likimtaja mmoja tu tunajua tayari kwamba nusu ya wiki chumba kitakuwa kimefungwa.

Lengo linaloweza kupimwa lingesomeka hivi: "Baada ya mihula miwili, kila mwanafunzi wa kidato cha pili ataandika kwa kompyuta taarifa ya jaribio la sayansi ya kurasa mbili, yenye jedwali na mchoro mmoja, na mwalimu wa somo ataisahihisha." Lengo hilo linamwambia fundi idadi ya mashine na programu zinazohitajika. Linamwonyesha mwalimu wa sayansi kwamba naye anahusika, si yule wa kompyuta peke yake. Na mwisho wa mwaka mfadhili anaweza kuomba kuziona hizo taarifa.

Upande wa gharama, bei ya mashine ni mwanzo tu. Kuna nondo za madirisha, nyaya za umeme zinazostahimili mzigo, kifaa cha kudhibiti umeme unaopanda na kushuka, bando la intaneti la kila mwezi, mapazia ya kuzuia vumbi, na fundi. Tunaomba bajeti ionyeshe mwaka wa tatu, maana wa kwanza hulipwa na furaha, na wa pili hulipwa na haya. Sehemu ya wenyeji tunaitaka iwepo hata ikiwa ndogo, iwe fedha au nguvu kazi.

Kwa wafadhili tuna neno la wazi. Kompyuta zilizotumika tunazipokea, ila tunaomba kwanza orodha yenye umri wake na programu endeshi iliyomo. Windows 10, ambayo bado imo katika mashine nyingi za ofisini, ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine inaendelea kuwaka, ila bila marekebisho ya usalama haifai kuunganishwa na intaneti mikononi mwa watoto, isipobadilishiwa programu endeshi. Kuna mashine ambazo gharama ya kuzisafirisha, kuzitoa bandarini na kuzitengeneza inazidi thamani yake, na zikifa zinatuachia taka tusizojua pa kuzipeleka. Tunajua pia kwamba picha ya watoto mbele ya kompyuta hupendeza kwenye ubao wa matangazo wa parokia rafiki kuliko picha ya walimu wanane waliokaa mafunzoni wakati wa likizo. Tunaombeni mtulipie hiyo ya pili. Tukipata fungu la mafunzo la miaka miwili, tutatafuta mashine wenyewe, hata chache.

Kuanzia robo ijayo, ombi lolote la kompyuta liambatane na kurasa mbili zenye majibu ya yale maswali matano: mwanafunzi ataweza kufanya nini, nani atamfundisha mwalimu na kwa muda gani, vifaa gani vinahitajika, nani atalipia mwaka wa tatu, na nani atapima na lini. Ziwe na sahihi ya mkuu wa shule, ya mhasibu na ya mwenyekiti wa kamati. Walimu wa masomo washirikishwe kabla ya kusaini, na majina yao yaandikwe. Kamati itakayopenda kusaidiwa kuandika kurasa hizo ituletee rasimu kwa mkono, hata ikiwa ya penseli, mwezi mmoja kabla ya kikao cha miradi.